Ustadi wa Kumtafuta Babu Aliyeondoka

Ukitoka Mikumi kwenda Ifakara, kabla hujafika Mang'ula unapita Mkula, chini ya milima ya Udzungwa. Bonde hili la Kilombero limekusanya watu wa makabila mengi: Wandamba na Wapogoro, Wabena, Wahehe, Wangoni. Wengi walifuata kazi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilikuwa miwa ya Kilombero. Kati ya 1970 na 1975 ilikuwa ujenzi wa reli ya TAZARA. Kabla ya hapo wanaume wa kusini walichukuliwa manamba kwenda kwenye mkonge wa Morogoro na Tanga. Wapo walioishia njiani, wakaoa, wakalima, wasirudi tena.

Kumtafuta mtu wa namna hiyo ni ufundi, tena ufundi unaostahili heshima. Anayelifuata jina peke yake hukwama mapema. Jina la utotoni hubaki kijijini, ubatizo huleta la pili, na karani wa kambi huandika alivyosikia. Aliyebobea huwafuata watu waliokuwa karibu naye: ndugu aliyeondoka naye, msimamizi wake wa ubatizo, mkwe aliyepokea mahari.

Miaka nayo ina namna yake ya kuulizwa. Mwulize bibi kizee baba yake alizaliwa lini, atanyamaza. Mwulize kama baba yake aliwahi kusimulia Maji Maji ya 1905, au kama alibebeshwa mizigo katika Vita Kuu ya 1914, hapo maneno yatakuja yenyewe. Ukitoka kwake, nenda kwa watani. Mtani hauogopi ukoo. Msibani hutamka wazi aliyekimbia deni na aliyetelekeza mke, mambo ambayo wenye ukoo huyafunika miaka nenda rudi.

Ndipo zamu ya madaftari inapofika. Katika daftari la ubatizo la parokia, mtu mmoja huwa na mstari wake: tarehe, jina, baba, mama, msimamizi, padre. Msomaji mwenye haraka huishia hapo. Mwenye ujuzi hutazama pembezoni. Kwa utaratibu wa Kanisa Katoliki, parokia inayofungisha ndoa huiarifu parokia alikobatizwa mtu, na habari hiyo huandikwa kando ya jina lake. Kwa hiyo kijana aliyebatizwa Peramiho, misheni iliyoanzishwa 1898, akaja kufunga ndoa bondeni Kilombero, anaweza kuonekana Peramiho, kando ya mstari wake mwenyewe. Kwao walilia kwamba amepotea, na habari zake zipo papo hapo kwao.

Ninachokipenda zaidi katika ufundi huu ni kwamba una pande mbili. Babu aliyeanzisha mji Mkula ndiye yuleyule ambaye ukoo wake, Njombe au Songea, ulimhesabu kuwa amepotea. Anayemtafuta wa kwake anahitaji mtu wa upande wa pili aliyeandika. Basi tuwaulize wazee wetu wangali hai: walitoka kijiji gani, ukoo upi, waliongozana na nani. Tuandike, na nakala moja tuipeleke kule walikotoka. Mjukuu wa kule ana haki ya kujua kwamba babu yake alifika, akapata watu, akazikwa na wanawe.