Laptopu Inayochemka: Kumtambua Fundi Bora na Kujua Kama Inafaa Kutengenezwa

Laptopu ya zamani ikianza kuchemka, wengi hufanya moja kati ya mambo mawili: hununua nyingine, au humkabidhi fundi aliye karibu aipulize vumbi. Yote mawili ni kukata shauri kabla ya kujua ugonjwa. Joto ni dalili, na huletwa na sababu nyingi. Baadhi huisha kwa kitambaa na spiriti, nyingine haziishi kabisa. Fundi bora hutambulika hapo: hupima kabla ya kushika bisibisi, na hupima tena akimaliza.

Pima kwanza

Chukua ThinkPad T430 ya mwaka 2012, mashine iliyoundwa kwa kazi za ofisi na ambayo bado ina watumiaji wengi. Nyingi zilitoka na prosesa ya Core i5-3320M, ambayo Intel imeiwekea kikomo cha nyuzi 105. Joto likikaribia hapo, prosesa hujipunguzia mwendo isije ikaungua. Ndiyo maana mwenye mashine hulalamika kwamba "imekuwa nzito" kabla hajajua kuwa kisa ni joto.

Programu ya bure kama HWiNFO inatosha kusoma nyuzi hizo. Katika chumba cha Pwani kisicho na kiyoyozi, 45 hadi 60 wakati mashine imetulia si tatizo. Ikifika 95 kwa kusoma barua pepe tu, kuna jambo. Angalia pia kama kuna programu inayoila prosesa kimyakimya. Ikiwa ipo, ugonjwa si wa vyuma na hakuna haja ya kufungua.

Kisha weka kiganja kwenye tundu la kutolea hewa, uipe mashine kazi nzito. Feni ikinguruma huku upepo ukitoka kidogo, vumbi limeziba mapezi ya shaba ya kupoozea. Upepo ukitoka kwa nguvu lakini wa baridi, wakati namba zinasoma 95, joto haliyafikii mapezi: pesti, ule utando wa kijivu kati ya prosesa na bamba la shaba, imekauka, au bomba la shaba linalopeleka joto kwenye mapezi limekufa. Tazama na mwendo wa namba. Zikiruka kutoka 50 hadi 95 kwa sekunde chache, shuku pesti. Zikipanda polepole kwa dakika kadhaa, shuku vumbi. Feni ikikwama kabisa, ThinkPad yenyewe hutoa onyo la hitilafu ya feni inapowashwa, kisha hujizima.

Joto likitoka mahali unapolaza viganja ukiandika, na padi ya kipanya imeinuka, hiyo ni betri iliyovimba. Zima mashine, usiichaji tena, na usimruhusu mtu kuitoboa betri hiyo.

Kazi nzuri inavyoonekana

Fundi wa kweli hapulizi kutoka nje akaishia hapo. Vumbi la miaka hujikandika kati ya feni na mapezi, likawa kama kipande cha blanketi, na upepo wa nje hulisukuma tu upande mwingine. Lazima feni itolewe, na vumbi libanduliwe kwa mkono. Anapotumia blowa, huyazuia mapanga ya feni kwa kidole, kwa sababu feni ikizungushwa kupita kasi yake beringi huharibika.

Sehemu ya kutazama kwa makini ni pesti. Pesti ya zamani hufutwa kwa spiriti safi mpaka uso wa chipu ung'ae. Mpya huwekwa kidogo, kwa kuwa kazi yake ni kujaza mianya midogo tu. Ikiwa nene huzuia joto. Skrubu za bamba hukazwa kidogo kidogo kwa kupishana, ili bamba likae sawa. Palipokuwa na pedi laini hurudishwa pedi ya unene uleule, kwa maana pesti haiwezi kujaza nafasi ya milimita nzima. Anayepaka dawa ya meno mahali pa pesti, mkimbie: hukauka upesi na joto hurudi.

Mwisho, dai kipimo cha pili kwa kazi ileile, mahali palepale. Namba zisiposhuka, kazi haijaisha.

Itengenezwe au iachwe?

Kusafisha na kubadilisha pesti kunafaa karibu kila mara. Feni mpya pia inafaa, mradi mashine bado inakidhi kazi yako. Zingatia kwamba Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na kwa upande wa Intel, Windows 11 hudai prosesa za kizazi cha 8 kwenda juu. T430 ni ya kizazi cha 3, hivyo ni mgombea mzuri wa Linux.

Kataa jambo moja: kuchoma chipu ya picha kwa moto ili ifufuke. Julai 2008, Nvidia ilitangaza kutenga dola milioni 150 hadi 200 kwa ajili ya chipu zake za laptopu zilizokuwa zikifa. Kuzichoma kuliziamsha kwa muda tu, kisha zikafa tena. Fundi akikuambia ndiyo tiba iliyobaki, hamisha mafaili yako leo, toa diski na ramu ukazitumie kwingine, na fedha ya matengenezo iweke kwenye mashine nyingine.