Raia anafanya yote, Leta haifanyi kitu: juu ya somo la uraia na sentensi



Juzi nilikaa nyuma ya darasa la mwaka wa pili wa msingi, katika shule moja ya Katuba, hapa Lubumbashi. Madamu alikuwa na wazo ambalo nalisifu mbele ya yote: kuunganisha somo la uraia na somo la kujenga sentensi. Aliandika maneno matano kwenye tablo: raia, kodi, bendera, takataka, sheria. Kisha akasema: "Kila mutoto atunge sentensi tatu. Mtenda kwanza, kitenzi kisha."

Batoto wakaandika: Raia analipa kodi. Raia anaheshimu bendera. Raia hatupi takataka njiani. Sentensi zilikuwa safi, hakuna aliyekosa. Nilipiga makofi kama wengine.

Njiani kurudi nyumbani ndipo nilianza kusumbuka. Katika sentensi zote zilizosomwa siku ile, mtenda alikuwa raia. Leta haikuwa mtenda hata mara moja. Raia analipa, raia anatii, raia anafagia. Leta yenyewe haina kitenzi.

Hii lawama siiweki kwa Madamu. Yeye amefundisha vile siye wote tulifundishwa. Kumbukeni somo letu la uraia na maadili: lilijaa maagizo. Tii. Heshimu. Lipa. Usiharibu. Upande mwingine, somo la sarufi lilikuwa na sentensi za "Mama anapika" na "Baba anasoma gazeti". Tukatoka pale tunajua kupanga maneno, tunajua na kutii, lakini hatujui kutunga sentensi ambayo mwenye madaraka anafanya kazi ndani yake. Mtu asiyejua kuitunga, ataidai namna gani?

Angalieni Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006. Kifungu cha 43 kinasema kwamba elimu ya msingi ni ya lazima, na ni ya bure katika shule za Leta. Ni haki nzuri. Lakini tuisome kama mwalimu wa sarufi: "ni ya bure". Nani analipa mwalimu? Nani ananunua chaki? Sentensi haisemi. Bure kwa madarasa yote ya msingi ilianza kutekelezwa Septemba 2019, miaka 13 baada ya Katiba. Katikati pale, bazazi njo walikuwa wanabeba mzigo. Sisemi kama sarufi njo ilichelewesha bure. Nasema kama haki isiyotaja mwenye kazi ni rahisi kuiacha ilale.

Sasa tuchukue kifungu cha 15. Najua mumeanza kucheka. Kwetu kila mutu anajua "Article 15": jitafutie mwenyewe, fanya mipango, ishi. Lakini kifungu cha 15 cha kweli, kile cha Katiba ya 2006, kinasema kwamba mamlaka za Leta zinapaswa kuhakikisha ukatili wa kingono unakomeshwa. Pale mtenda yuko. Kitenzi kiko. Na siye, wenye diplome, tunajua mzaha kuliko sheria. Mzaha unasema: raia, jipange. Sheria inasema: Leta, fanya. Tazama ni sentensi gani ilibaki midomoni mwetu.

Njo maana naona wazo la Madamu ni la thamani, bora tulipeleke mbali zaidi. Kiswahili chenyewe kinatusaidia. Mutoto wa miaka saba anasikia tofauti ya hizi tatu:

Benchi ilivunjika.
Benchi ilivunjwa.
Mukubwa wa darasa alivunja benchi.

Ya kwanza haina mwenye kosa, kana kwamba benchi ilichoka yenyewe. Ya pili inakubali kuna mutu, lakini inamuficha. Ya tatu inamutaja. Kisha jaribuni na "pesa ya chaki ilipotea". Hilo ni somo la sarufi, na ni somo la uraia, kwa pumzi moja.

Kuna mwenzetu atasema: unafundisha batoto kushitaki watu. Hapana, na hapa njo uraia unarudisha deni kwa sarufi. Mwalimu atauliza: "Ulimuona akivunja?" Kama hapana, mutoto hana ruhusa ya kuandika sentensi ya tatu. Ataandika swali: "Nani alivunja benchi?" Swali pia ni sentensi, na ni sentensi ya raia. Kumutaja mutu bila kujua ni kumuzushia. Nyamaza yako wakati unajua, hiyo ni kosa lingine.

Mwingine atasema: darasa lina batoto wengi, saa ni chache. Ni kweli. Lakini zoezi hili halidai kitabu kipya. Linadai kitu kimoja tu: mwalimu aandike "Leta", "burgumestri", "mwalimu", "polisi" kwenye tablo pembeni ya "raia", na kila mmoja apewe kitenzi chake. Raia analipa kodi. Leta inatengeneza barabara kwa kodi ile. Ukifuta sentensi moja, ya pili inabaki kilema.

Jambo la mwisho ni lugha. Kifungu cha 142 cha Katiba kinaipa Serikali siku 60, tangu sheria kutiwa sahihi, kuitangaza kwa Kifaransa na kwa kila moja ya lugha nne za taifa. Mara ya mwisho ulisoma sheria kwa Kiswahili ni lini? Mutoto wa mwaka wa pili leo anasoma kwa Kiswahili. Kesho atahamia Kifaransa, na kama hakujifunza kusema haki yake katika lugha ya nyumbani, ataikariri katika lugha ya pili bila kuitumia.

Wengi wetu hapa tunafundisha, ao tunasaidia wadogo zetu na devwa magharibi. Leo jioni, mudogo wako akikuletea daftari, hesabu watenda. Kama ni raia peke yake, mwambie aongeze sentensi moja.