Jua Halilipi Kodi

Kila Julai, mawingu yakishatua juu ya Nairobi na kukataa kuondoka, utasikia mtu akisema: mimi nahamia Mombasa. Husemwa kwenye foleni ya matatu, husemwa kwenye makundi ya WhatsApp, na husemwa zaidi na watu wa kazi kama yangu, tunaolipwa kwa saa na wateja ambao hawajawahi kutuona. Hoja yenyewe ni nyepesi. Kama kazi iko kwenye laptopu, kwa nini mwili uteseke kwa baridi? Malipo ni yaleyale, na jua ni la bure.

Hilo la jua kuwa la bure ndilo limenirudisha kwa filamu mbili za Marekani: Midnight Cowboy ya John Schlesinger, iliyotoka 1969, na The Florida Project ya Sean Baker, ya 2017. Zimepishana kwa miaka 48, lakini kwangu ni kama filamu moja iliyokatwa katikati. Ya kwanza inaishia mlangoni pa mji wenye joto. Ya pili inaanzia ndani. Nitasimulia miisho ya zote mbili, kwa hivyo kama hutaki kuharibiwa uhondo, zitazame kwanza kisha urudi.

Midnight Cowboy hutajwa sana kwa sababu ndiyo filamu pekee yenye alama ya X, yaani ya watu wazima tu, kuwahi kushinda Oscar ya filamu bora. Watu wakiishia hapo wanakosa jambo kubwa. Hii ni filamu kuhusu nauli. Joe Buck (Jon Voight) ni kijana wa Texas anayeosha vyombo mkahawani. Siku moja anavaa buti mpya na kofia ya kichunga ng'ombe, anaacha masinki yakiwa yamejaa, na kupanda basi kwenda New York, akiamini wanawake matajiri wa huko watamlipa kwa uzuri wake. Hawamlipi. Anaishia kuishi na Rizzo (Dustin Hoffman), mchechemeaji mwenye kikohozi, ndani ya jengo lililohukumiwa kubomolewa, bila umeme wala moto wa kujipasha. Baridi inapoingia, Rizzo anakuwa na wimbo mmoja tu: Florida.

Tazama vizuri kilichomo ndani ya Florida ya Rizzo. Mguu wake umepona na anakimbia ufukweni. Kuna bwawa la kuogelea, kuna akina mama wa makamo wenye pesa, kuna chakula. Anamweleza Joe kwamba huko mtu akipata jua na nazi, maisha yameenda. Mtu wa Kilifi angecheka hapo. Nazi haishuki yenyewe. Kuna mkwezi anayeupanda mnazi, naye hulipwa, na hulipwa kidogo, na akianguka hakuna wa kumlipia hospitali. Katika ndoto ya Rizzo kila kitu cha mnazi kipo isipokuwa mkwezi. Hakuna mwajiri pia, na hakuna mwenye nyumba. Ni mji usio na Jumatatu.

Kilichonishangaza nilipoirudia ni kwamba filamu ilishalijibu swali hili dakika zake za kwanza, tukapita bila kuona. Joe katoka wapi? Katoka Texas, kwenye jua kali, na huko alikuwa anaosha vyombo. Yaani mji wa joto wenye kibarua alishakuwa nao, na ndio alioukimbia. Joto halikumwongezea senti hata moja.

Halafu kuna hiyo nauli. Tikiti mbili za basi hadi Miami ni pesa ambazo kazi zao za kubahatisha haziwezi kuzizaa, kwa sababu kila wanachopata kinaliwa siku hiyohiyo. Joe anazipata kwa kumpiga na kumwibia mzee mmoja katika chumba cha hoteli. Schlesinger hatupambii. Anayehama kwa raha ni yule ambaye tayari ana akiba ya kuhama. Sisi wa kulipwa kwa saa tunalijua hili bila mahubiri: siku ya kufunga mizigo hailipwi, siku ya barabarani hailipwi, na wiki ya kutafuta keja mpya hailipwi. Kabla hujaota jua la kwanza, tayari uko chini.

Njiani kwenda Miami, Joe anatupa mavazi yake ya kichunga ng'ombe kwenye pipa la taka na kuanza kuongea kama mtu mzima. Anasema wakifika atatafuta kazi ya kawaida, labda ya nje, kwenye hewa. Anapogeuka, Rizzo amekufa. Dereva hana la kufanya ila kuendelea na safari, na minazi inapita kwenye kioo cha dirisha.

Nililia, sikatai. Lakini kama mhakiki nina kesi na mwisho huo. Kifo kinaiokoa ndoto isijaribiwe. Rizzo akifa kilomita chache kabla ya Miami, Miami inabaki safi, kama picha ya kalenda. Hatumwoni Joe akisimama mlangoni pa hoteli kuuliza kama kuna kazi, wala akiambiwa saa moja ni kiasi gani, wala akizidisha kiasi hicho kwa saa nane na kukitoa chumba. Ndoto inakufa ikiwa bado bikira, nasi tunatoka tukiamini kwamba laiti basi lingewahi, mambo yangekuwa sawa.

Sasa ingiza The Florida Project. Tuko Kissimmee, karibu kabisa na Walt Disney World. Jina la filamu ndilo jina ambalo mradi huo wa Disney uliitwa kabla ya kujengwa. Halley (Bria Vinaite), mama wa miaka ishirini na kitu, anaishi na bintiye Moonee (Brooklynn Prince) katika moteli ya rangi ya zambarau iliyojengewa watalii lakini ikajaa watu wasio na pa kwenda. Joto lipo, la kutosha. Jua linawaka kila mahali kwenye skrini. Na kila mara, kodi inadaiwa.

Baker ameuelewa uchumi huo kuliko wanasiasa wengi. Kwa nini mtu akae motelini, ilhali ukijumlisha malipo ya kila siku mwisho wa mwezi unakuta angepanga nyumba nzuri? Kwa sababu mwenye nyumba anataka deposit, anataka kodi ya mwezi mzima kwa mpigo, anataka kuona karatasi ya mshahara. Moteli inataka pesa ya leo tu. Sisi tunauita uchumi wa kadogo. Mafuta ya kupima, sukari ya kupima, sabuni ya kukatiwa kipande: ukinunua kidogokidogo unalipa zaidi, lakini ndicho unachokiweza. Moteli ya Halley ni nyumba ya kupima. Na kila mwezi lazima walale usiku mmoja kwingine, wasije wakahesabika kuwa wapangaji wenye haki. Safari moja Halley anapelekwa moteli ya jirani, akakuta bei imepanda, akakataliwa.

Mwenye kazi ya saa kwenye filamu hii ni Ashley, rafiki wa Halley, mhudumu wa mkahawa. Watoto huenda mlango wa nyuma naye akawapakia chakula. Wawili hao wanapokosana, chakula kinakwisha, na hapo ndipo unaelewa kwamba mshahara wa mtu mmoja ulikuwa umebeba vyumba viwili. Tunamwona Ashley akihudumia, Halley anapokuja kumchokoza. Lakini kamera haikai naye hadi shifti iishe. Inarudi nje kwa watoto, kwenye mwanga mzuri. Anayeonyeshwa akifanya kazi kweli ni Bobby, msimamizi wa moteli, na Willem Dafoe alistahili kabisa kuteuliwa kuwania Oscar kwa nafasi hiyo: anapaka rangi, anarekebisha hiki na kile, anadai kodi kwa sauti ya mtu anayeona aibu kuidai, maana naye ana bosi.

Kisha mwisho. Watu wa serikali wanakuja kumchukua Moonee. Anamkimbilia rafiki yake, wanashikana mikono, wanakimbia hadi ndani ya Disney, na sehemu hiyo imepigwa kwa simu. Wako wanaoipenda kwa sababu ni ya kitoto na huru. Mimi naiona ni ndugu ya lile dirisha la basi. Baker amekuwa mkweli kwa karibu saa mbili, halafu dakika ya mwisho naye anakimbilia kwenye kalenda.

Pamoja na hayo, filamu yake ina jambo moja ambalo ya Schlesinger haina, na lilinifanya niupunguze ukali. Moonee ana raha. Anacheza nje kutwa, anaomba pesa ya aiskrimu kwa watalii, anatembea kwenye mvua ya joto. Angekuwa kwenye chumba kama hicho katika jiji la theluji, angekuwa amefungiwa ndani miezi mingi. Kwa hiyo si kweli kwamba jua halimlipi mtu. Linamlipa Moonee. Linamlipa kwa sababu yeye ndiye mtu pekee chumbani asiyedaiwa kodi.

Hesabu hii inatuhusu. Wakenya wengi walioko Minnesota na Massachusetts hufanya kazi za kulipwa kwa saa, hasa kuwatunza wazee na wagonjwa, na Texas huzungumzwa huko kama Florida ya Rizzo: hakuna theluji ya kukoleza, na eti hakuna kodi. Ni kweli, jimbo la Texas halitozi kodi ya mapato. Lakini pia halina kima chake cha juu cha mshahara wa chini. Linafuata ule wa taifa, dola 7.25 kwa saa, ambao haujasogea tangu 2009. Mtunza wazee kwa kawaida hupata zaidi ya hapo, ila sakafu iliyo chini ya miguu yake ndiyo hiyo. Na kodi ya ardhi na majengo huko ni kubwa, nayo mwenye nyumba humsukumia mpangaji. Kiswahili kina neno moja kwa vyote viwili, kodi ya serikali na kodi ya nyumba, na safari hii lugha imepatia: kodi imetoka kwa mlango mmoja ikaingia kwa mwingine bila kubadilisha jina. Hapo bado hujalipia umeme wa kupoza nyumba Agosti.

Nasi wa hapa? Amri ya mishahara ya chini nchini Kenya inaiweka Mombasa kundi moja na Nairobi na Kisumu. Sheria yenyewe inakuambia kibarua hakibadiliki thamani kwa kushuka Mtito Andei. Kinachobadilika ni matumizi. Blanketi unaliacha, unanunua feni, na feni inakula tokeni usiku kucha. Maji ya bomba yakikatika, kuna mwenye mkokoteni wa mitungi, naye hauzi kwa bei ya jua. Na saa nane mchana, keja yenye paa la mabati ikishachemka, saa moja ya kazi inazaa nusu saa ya malipo, kwa sababu programu ya mteja inahesabu vidole vinavyotembea, haihesabu jasho.

Sisemi mtu asihame. Mwenye pumu, mwenye viungo vinavyouma, mwenye mtoto wa kucheza nje, jua litamlipa, na asione haya kulifuata. Nasema hadithi tunazojisimulia kabla ya kuhama zimeandikwa na watu wawili tu: Rizzo ambaye hakufika, na Moonee ambaye halipi. Ya Ashley haijatengenezwa. Sijaona bado filamu, wala sijasoma riwaya, inayokaa na mhudumu huyo kuanzia anapovaa aproni hadi anapoangalia simu kuona kama pesa imeingia, huku nje kukiwa na jua zuri ambalo hana muda wa kuliota.

Zitazame zote mbili, kwa mpangilio huo, usiku mmoja kama unaweza. Kisha chukua kalamu, andika unalipwa ngapi kwa saa, na uweke kando ya kodi ya kule unakoota. Hiyo ndiyo sehemu ya katikati ambayo wakurugenzi wote wawili waliiruka.