Ramani ya Nyumba za Mstari

Atokaye Geita kwa barabara ya kwenda Bukoba, akiisha kupita Katoro, huingia Buseresere pasipo kujua mpaka u wapi, maana nyumba zimeungana. Watu wameongezeka kwa ajili ya biashara na dhahabu, viwanja vyapimwa, na kila apimaye ana ramani mkononi. Kwa hiyo yafaa tuitazame tena ramani moja iliyotumika zamani kuwajengea watu wa nchi hizi, yaani ile ya vijiji vya mwaka 1974. Siasa yake wengi wamekwisha kuiandika. Mimi nataka kuipima kama tupimavyo mchoro wa fundi: je, nyumba ile yakalika?

Mwezi wa Novemba 1973 Mwalimu Nyerere alitangaza ya kuwa watu wote wa mashamba wawe wanakaa vijijini kabla ya kwisha mwaka 1976. Katika Usukuma na Geita kazi ilifanyika hasa mwaka 1974, tena kwa haraka. Mchoro wenyewe ulikuwa mwepesi: njia katikati, nyumba huku na huku kwa mstari, na shule, zahanati na kisima mahali pamoja.

Sifa yake niitoe kwanza, kwa kuwa mimi ni mwalimu. Elimu ya msingi kwa watoto wote, iliyopangwa kutimizwa mwaka 1977, ingalikuwa shida kubwa kama kila mtoto angalikaa peke yake kilimani kwa baba yake. Hapo mchoraji aliona sawasawa.

Lakini alichora nyumba, hakuchora mji. Mji wa Msukuma wa kale ulikuwa na ua wa minyaa, zizi la ng'ombe, nyumba za msonge za jamaa, maghala ya nafaka na uwanja wa kazi. Shamba lilianza mlangoni, na samadi haikuwa na safari ndefu. Mbali kidogo palikuwa na ngitili, malisho yaliyofungwa yangojee kiangazi. Katika ramani ya mstari ng'ombe hana mahali. Akilazwa nyuma ya nyumba, asubuhi atapita uani kwa jirani. Akilazwa mbali, nani amlinde? Samadi hubaki kijijini, na shamba liko mwendo wa mguu mrefu. Kuni nazo zikaisha karibu, kwa kuwa watu wengi walizitafuta katika pori lile lile. Tena mwenye ngitili akiisha kuhamishwa hawezi kuilinda, na nyingi ziliachwa. Ulipoanzishwa mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, mwaka 1986, dawa mojawapo iliyofaa sana kuirudisha miti ilikuwa ngitili zile zile za wazee.

Wako wasemao kosa lilikuwa haraka tu. Sikubali. Haraka iliwatesa watu, naam, lakini hata kama kazi ingalifanywa polepole kwa miaka 10, mstari ungalikuwa mstari. Wamfaa ahesabuye nyumba akiwa ndani ya motokaa. Mwenye kukaa humo ana haja nyingine.

Na Buseresere ya leo? Si wote wafugaji. Mchimbaji na mwenye duka hawana zizi, wala simwambii mpimaji arudishe minyaa. Ila mama auzaye maandazi ataka mahali pa jiko na pa kuanikia kuni, seremala ataka mahali pa mbao, mwenye bodaboda ataka mlango upitao pikipiki usiku, na maji ya mvua yatokayo juu ya bati hayana budi kupata njia isiyo ya kwa jirani. Haya hayaonekani ofisini. Mpimaji na akae kutwa nzima katika ua mmoja tu, tangu moto wa asubuhi hata kufungwa kwa kuku, aandike nani apita wapi naye amebeba nini, ndipo ashike rula.