Mfuate Mbuzi, Si Kibao

Swali nililoanza nalo lilikuwa baya. Nilikuwa nauliza, "Nyama choma nzuri iko wapi hapa Arusha?" na karibu kila aliyenijibu alinitajia mahali anapokunywa bia. Nilisifiwa muziki, nikasifiwa viti na ukubwa wa runinga ya kutazamia mpira. Nyama yenyewe ilitajwa mwisho, kwa neno moja: tamu. Kwa majibu hayo nilizunguka wiki tatu, nikala vizuri mara moja tu.

Aliyenirekebisha ni mjomba wangu, ambaye amekaa nyuma ya mizani ya bucha zaidi ya miaka ishirini. "Mjomba," akaniambia, "hao wateja unaowauliza wanajua nyama ikishafika mezani. Muulize mchomaji mambo mawili: mbuzi katoka mnada gani, na kachinjwa lini. Akisitasita, ondoka." Tangu siku hiyo utafutaji wangu ulianzia mnadani, nikamfuata mnyama hadi kwenye jiko. Ninaueleza hapa kwa sababu mtu mwingine anaweza kuurudia na kupata matokeo yale yale.

Jiografia ya nyama kuzunguka Mlima Meru ina pande mbili. Magharibi ni nyanda za wafugaji: mifugo ya Monduli na Longido inashuka kuelekea Meserani, Kisongo ambako soko ni Jumatano, na Ngaramtoni ambako ni Alhamisi na Jumapili. Mbuzi wa huko ni wadogo, wametembea sana, wamekula vichaka. Msuli wao ni mgumu kidogo lakini una ladha. Juu kwenye miteremko, kwa Wameru na Waarusha wenye mashamba ya migomba na kahawa, ng'ombe wengi ni wa maziwa, wanafungwa bandani na kuletewa majani. Ng'ombe wa namna hiyo akizeeka huuzwa kwa nyama. Ukiona bucha lenye nyama ya nyuzi nene na mafuta ya njano iliyokolea, huenda unamwona yeye. Supu yake ni nzuri sana. Kumchoma ni kumwonea yeye na mlaji pia.

Msimu nao una uzito kuliko nilivyodhani. Masika yakimalizika mwezi Mei, malisho yamestawi, na mbuzi wa Juni na Julai ana mafuta kuzunguka figo na juu ya mbavu. Mbuzi wa Oktoba, kabla ya vuli, ni mifupa na ngozi. Mahali pale pale, kwa mchomaji yule yule, nyama hailingani. Anayekuambia sehemu fulani imeshuka kiwango, muulize kwanza alikula mwezi gani.

Mnadani ndipo nilipoona uchomaji wenyewe ukiwa wazi kabisa. Kijana wa Kimasai anachoma kijiti kirefu katikati ya ubavu mzima, anakichomeka ardhini kiasi cha mkono kutoka kwenye moto, kimeinama kidogo. Joto linaingia kwa upande. Mafuta yanatiririka kwenye nyama yenyewe na kudondokea udongoni, hayaangukii kwenye makaa, kwa hiyo hakuna ule moshi mweusi unaoacha uchungu kwenye ulimi. Kila baada ya muda anageuza kijiti. Hana saa wala viungo, ana chumvi tu, na wengine hata hiyo hawaitii mpaka mwisho. Mbavu nilizokula Kisongo zilikuwa na ngozi kavu iliyokatika kama kaukau, na ndani zimejaa maji yake. Mjini nimezitafuta sana mbavu za namna hiyo.

Kuhusu swali la pili, la siku ya kuchinja, kuna jambo ambalo wateja wengi wanalielewa kinyume. Tunapenda kusikia "amechinjwa leo asubuhi." Lakini mnyama akishakufa misuli yake hukakamaa kwa saa kadhaa, kisha hulegea polepole. Aliyechinjwa alfajiri na kuwekwa motoni saa saba mchana mara nyingi yuko katikati ya ukakamavu huo. Ukitafuna mpaka taya likauma, tatizo si lazima liwe mchomaji. Bucha zuri la Arusha linasaidiwa na baridi ya usiku: mzoga wenye muhuri wa mkaguzi unaning'inia hadi kesho yake mahali pasafi penye hewa, na nyama inalegea bila kuharibika. Niliponunua ya jana na ya leo kutoka kwa mtu mmoja na kuzichoma pamoja, ya jana ilishinda bila ubishi.

Hapo ndipo Kwa Mrombo, kusini mwa jiji, panapojipatia jina lake. Mpangilio wa eneo lile unafanya kazi ambayo maneno hayawezi: bucha na jiko viko mlango kwa mlango. Unasimama mbele ya nyama inayoning'inia, unaonyesha kwa kidole, inakatwa, inapimwa mbele yako, inaenda motoni ukiiona. Kisha unasubiri. Kusubiri huku ndicho kipimo changu kikuu. Kilo ya mbavu za mbuzi inahitaji kama dakika arobaini. Mguu mzima unapita saa moja. Sehemu moja mjini, ambayo siitaji, niliagiza mguu ukafika baada ya dakika kumi na mbili. Ulikuwa wa kijivu kuanzia juu hadi mfupani, nyuzi zimeachana, umepakwa rangi ya moto kwa nje tu. Ulikuwa umechemshwa tangu asubuhi. Ladha yake ilikuwa kwenye bakuli la supu la meza ya jirani.

Siidharau supu. Mji huu uko kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na maji hapa huchemka kwa nyuzi kama 95 badala ya 100, kwa hiyo kano na mishipa huchukua muda zaidi kuyeyuka kuliko Dar es Salaam. Anayebandika sufuria ya kongoro alfajiri anaijua kazi yake. Ninachopinga ni kuifanya nyama moja itoe supu na choma kwa wakati mmoja, kisha mteja akalipia zote mbili.

Kwenye jiko lenyewe ninatazama makaa kabla ya nyama. Yawe yamevaa jivu jeupe, yasiwe na ndimi za moto. Halafu ninatazama kama yamesambazwa sawasawa au yamesogezwa upande mmoja. Mchomaji hodari huacha nusu ya wavu bila makaa chini yake. Nyama inaanza upande wa baridi, inaiva taratibu mpaka karibu na mfupa, ndipo inapelekwa upande wa moto ipate ganda. Yule anayeanza na moto mkali anaunguza nje na kukuletea damu mfupani, kisha anairudisha na kuikausha kabisa. Mikono yake itakueleza mengi: anayegeuza mara kwa mara, akinyunyiza maji ya chumvi na limau, anaisikiliza nyama. Anayekaa mbali akichezea simu ameiacha.

Jambo la mwisho nilichelewa kulijua, na ningependa kila mlaji wa Arusha alijue. Mafuta ya mbuzi na kondoo huganda upesi. Usiku wa Julai hapa ni wa koti, na kilo mbili zikikatwa zote na kumwagwa kwenye sinia, nusu ya pili utaila ikiwa na utando mweupe unaoshika kaakaa. Kwa hiyo siku hizi ninamwambia mchomaji, "Kaka, katakata kidogo, nyingine iache motoni." Wazuri hufurahi kuombwa hivyo. Wengine hukunja uso, kwa sababu wanaitaka nafasi ya wavu kwa mteja mwingine.

Kuna sehemu zinazovunja utaratibu wangu na bado ni nzuri. Khan's, katikati ya mji, mchana ni duka la vipuri vya magari na jioni ni jiko la barabarani lenye kuku na mishikaki. Huko huchagui mnyama wala husubiri. Kinachowalinda ni wingi wa watu: vipande ni vidogo, vinaiva haraka, na haviwahi kukaa. Kwa kuku na mishikaki kipimo changu ni foleni. Kiti moto nakiacha kando, kwa kuwa hapa kwetu hukaangwa zaidi ya kuchomwa, na kinastahili uchambuzi wake.

Jumamosi iliyopita nilienda upande wa mashariki, Tengeru, siku ya soko. Mchomaji alikuwa mama wa makamo, jiko lake dogo, ndizi mbichi zilizomenywa zimepangwa kwenye ukingo wa wavu zikipata mafuta ya mbavu. "Shikamoo mama. Mbuzi huyu katoka wapi?" Akajibu bila kuinua macho: Ngaramtoni, Alhamisi, kachinjwa jana jioni. Nikavuta kigoda, nikakaa. "Itachukua muda, mwanangu," akasema, akasogeza mguu upande usio na makaa.