Nani Ni Mfungwa, na Hatari Ipimwe Wapi

Mwaka 1978 serikali ya Marekani ilitoa kanuni za kuwalinda wafungwa wanaoingizwa kwenye utafiti. Ni kurasa chache za lugha kavu ya kisheria, na kila nikizisoma nazidi kuwaheshimu walioziandika. Walijua neno likilegea nani huumia. Katika gereza la Holmesburg, Philadelphia, tangu miaka ya 1950 hadi 1974, daktari wa ngozi Albert Kligman aliwafanyia wafungwa majaribio ya dawa na kemikali, kwa malipo. Saini zilikuwapo. Ila aliyefungiwa, asiye na njia nyingine ya kupata fedha, huwezi kuisoma ridhaa yake kwenye saini tu.

Basi wakaanza na swali la nani ni mfungwa. Aliyehukumiwa yumo, mahabusu anayengoja kesi yumo, na aliyezuiliwa kwenye kituo kingine badala ya kushtakiwa au kwenda jela yumo pia. Wametazama hiari iliyoondolewa. Jengo liitwe vyovyote.

Kisha wakapanga utafiti unaoruhusiwa katika makundi manne. Mawili ya kwanza, yaani sababu na athari za kifungo, na gereza lenyewe kama taasisi, yanakubalika iwapo hatari ni ndogo kabisa. La tatu ni maradhi na shida zinazowaelemea wafungwa kama kundi, homa ya ini ikiwa mfano uliotajwa. La nne ni tiba yenye matumaini ya kweli ya kumfaa mshiriki mwenyewe. Kipodozi cha kuuzwa madukani hakina pa kuingilia.

Ustadi wenyewe hasa umo katika tafsiri ya "hatari ndogo". Wangeweza kuilinganisha na maisha ya kila siku ya mfungwa. Lakini gerezani kuna vipigo, msongamano na kifua kikuu. Kwa kipimo hicho karibu jaribio lolote lingepita. Wakaandika kwamba hatari ilinganishwe na ile wanayoikuta watu wenye afya katika maisha yao au wanapopimwa kwa kawaida na daktari. Maneno machache hayo yanaizuia dhuluma ya gereza isigeuke kibali cha dhuluma nyingine. Wakaongeza kuwa bodi ya parole, inayoamua nani atoke kabla ya kifungo kuisha, isiuhesabu ushiriki wa mtu katika utafiti, naye mfungwa aambiwe hivyo waziwazi kabla hajakubali.

Mwaka 2006 kamati ya Taasisi ya Tiba ya Marekani, chini ya Lawrence Gostin, ilipendekeza walio kwenye parole na uangalizi wa mahakama nao wahesabiwe wafungwa, na makundi yaachwe ili kila utafiti upimwe kwa hatari na manufaa yake. La kwanza naliunga mkono kwa moyo wote. La pili linanitia wasiwasi, maana mizani hushikwa na mtu, na mtafiti mwenye hamu huona manufaa upesi kuliko madhara.