Kidokezo na Mjibu: Juu ya Utungaji wa Kila Siku katika Shule za Sigowet

Kumpa mwanafunzi kidokezo kimoja kila siku ili atunge kitu kifupi ni desturi njema. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba desturi hiyo ina asili ya kale katika fasihi yetu, lakini insha ya shule imeinyang'anya kiungo muhimu, nacho ni mjibu. Mfano wetu ni Sigowet, katika Kaunti ya Kericho, ambako watoto wengi huanzia Kikipsigis nyumbani, na Kiswahili huwa lugha ya darasani na ya masoko kama lile la Sondu, wanakokutana Wakipsigis na Wajaluo.

Tuanze na asili. Muyaka bin Haji wa Mombasa (1776–1840) hakungoja mada kubwa. Ugomvi wa Mombasa na Lamu, mapenzi, umaskini, hata fumbo alilotegwa na mwenzake, vyote vilimtosha kutungia beti chache. Jarida la Mambo Leo, lililoanza kutolewa Dar es Salaam mwaka 1923, liliwapa washairi wa baadaye uwanja wa kuulizana na kujibizana. Mathias Mnyampala naye akaitia tabia hiyo katika ngonjera. Kote huko twaona mambo mawili. Kwanza, kidokezo kilitoka kwa mtu na jibu likarudi kwa mtu. Pili, sharti alilopewa mtunzi lilikuwa la umbo, yaani vina na mizani. Maneno na fikira vilibaki vyake.

Insha ya shule imepindua yote mawili. Katika mtihani wa KCPE, uliofanywa tangu 1985 hadi 2023, mtahiniwa alipewa mwanzo wa kisa na dakika 40 za kukiendeleza kwa maneno yake mwenyewe. Agizo hilo halikuwa na kasoro. Kasoro ilikuwa katika maandalizi: mtoto alikaririshwa sentensi za kupambia alfajiri, hofu na furaha, akazibandika katika kila kisa. Mtihani umekoma, ila mazoea hayo hayakukoma pamoja nao. Hivyo mtoto wa Sigowet, aliyezoea ukungu wa asubuhi juu ya michai, huandika mapambazuko asiyoyaona kamwe, na msomaji wake pekee ni kalamu nyekundu. Umbo halina sharti lolote, ilhali maneno ni ya kukopa.

Huenda ikasemwa kwamba anayejifunza lugha ya pili hana budi kukariri kwanza. Hatukatai. Lakini kukariri ni ngazi, na ngazi haijengwi ili watu wakae juu yake. Kinachopotea hapa ni kikubwa kuliko alama: mtoto anafundishwa kwamba Kiswahili ni lugha ya kusemea mambo ya wengine, nayo haina nafasi kwa kikapu cha mama yake.

Raymond Queneau, katika kitabu chake cha mwaka 1947, alisimulia kisa kimoja kidogo cha mjini Paris kwa namna 99. Alionyesha kwamba jambo dogo halichoki likipewa masharti mapya ya umbo. Washairi wetu walijua hivyo zamani; tunachodai ni kwamba darasa lao lirejeshwe.

Kwa maoni yetu, kidokezo cha kila siku kitimize masharti matatu. Kitolewe na mwanafunzi, si mwalimu peke yake. Kiwe na sharti la umbo. Na kijibiwe kesho yake na mwanafunzi mwingine. Kwa mfano: "Eleza mzani wa kituo cha kununulia majani kwa sentensi tano, bila kutaja chai wala fedha." Mtoto ambaye kwao wanaishi kwa kilo anazochuma mama hawezi kujibu hilo kwa mapambo ya kukariri. Siku ya pili mwenzake aseme kwa niaba ya mzani. Au darasa ligawanyike, nusu iseme kwa sauti ya mkono unaochuma majani mawili na chipukizi, nusu kwa sauti ya mashine ya kuchumia. Hilo si zoezi la kubuni tu: mwezi Mei 2023 mashine za namna hiyo ziliteketezwa katika shamba kubwa la chai Kericho kwa ugomvi wa ajira. Wazazi wamekwisha kulijibizania jambo hilo. Watoto nao wapewe lugha ya kulijibizania kwa hoja.

Nasi katika vyuo tuna wajibu. Tunaowaandaa walimu ndio tunaoamua kipi kiitwe lugha nzuri. Tukiendelea kukadiria insha kwa wingi wa mapambo, tutapata mapambo. Tukiuliza kama sentensi hii ingeweza kuandikwa na mtoto mwingine yeyote, tutaanza kupata watunzi. Anayesema "Kitendawili!" husubiri "Tega!" kabla ya kuendelea, pasipo mwitiko huo, kitendawili hakijaanza.